Je, Wajua? Saratani ya Ndani Inapobisha Hodi Ngozini

Ntimaru, huku Kuria Mashariki mpakani na Tanzania, mtu akitokwa na upele haendi mbali. Hufika duka la dawa, huonyesha mkono, hupewa tyubu ya mafuta, kisha hurudi shambani. Mara nyingi huwa amefanya vyema: ni ukurutu, ni mashilingi, au ni sabuni iliyomkataa. Lakini zipo siku chache ambapo ngozi haiumwi yenyewe. Imetumwa. Ndani ya tumbo, pafu, ini au damu kuna saratani ambayo bado haijauma, na habari zake za kwanza zimejitokeza mahali ambapo kila mtu anaweza kuziona.

Safu hii inaupitia mwili kuanzia machoni hadi nyayoni. Imeandikwa hasa kwa ajili ya yule amwogeshaye nyanya, amsukaye dada nywele, ampakaye mtoto mafuta. Jicho lake hufika kabla ya mashine yoyote.

KABLA YA KUANZA

1. Je, wajua kuwa ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hukaribia mita 2 za mraba? Damu ile ile inayopita kwenye ini, kongosho na mapafu hupita pia ngozini. Ndiyo maana uharibifu wa huko ndani huweza kusomeka huku nje.

2. Je, wajua kuwa saratani hufika ngozini kwa njia mbili? Katika ya kwanza, chembe zake zenyewe husafiri na kuota ngozini. Katika ya pili, uvimbe hubaki ulipo, lakini humwaga kemikali damuni au huichanganya kinga ya mwili mpaka inaishambulia ngozi. Hii ya pili ndiyo ya ajabu: ngozi haina hata chembe moja ya saratani, na bado inaitangaza.

3. Je, wajua madaktari hutambuaje kuwa upele na uvimbe ni jamaa? Helen Ollendorff Curth, mtaalamu wa ngozi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliweka vipimo ambavyo hutumika hadi leo. Upele na saratani huanza karibu wakati mmoja. Huenda sambamba: uvimbe ukitibiwa upele hufifia, na uvimbe ukirudi upele nao hurudi.

4. Je, wajua kuwa walio wengi mno kati ya wanaojikuna leo hawana saratani? Hilo lishike mpaka mwisho wa ukurasa huu. Lakini shika na hili pia: kwa makadirio ya kimataifa, Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani wapatao 42,000 mwaka 2020, na vifo kama 27,000. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Wiki tatu za kuwahi zina thamani.

MACHONI NA USONI

5. Je, wajua kuwa ngozi nyeusi huficha umanjano, lakini macho hayaufichi? Mtoe mtu nje kwenye mwanga wa mchana, uangalie weupe wa jicho. Mwanga wa koroboi na wa balbu ya njano hudanganya. Wengi wakiona macho hayo husema ni homa ya manjano, kumbe huo ni ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Macho ya manjano ni alama ya nyongo iliyozidi damuni, na chanzo chaweza kuwa malaria kali, homa ya ini, mawe ya nyongo au saratani.

6. Je, wajua ni umanjano upi unaomtia daktari wasiwasi zaidi? Ule usiouma. Kichwa cha kongosho kimepakana na mfereji wa nyongo; uvimbe ukiota hapo huubana mfereji polepole. Mtu hujikuna usiku kucha bila upele, choo chake huwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mkojo huwa mweusi kama chai ya strungi, na nguo zinampwaya. Mwaka 1890 daktari mpasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika kuwa umanjano ukija pamoja na kifuko cha nyongo kilichovimba bila maumivu, chanzo huwa ni mawe kwa nadra.

7. Je, wajua kuwa kope zaweza kubadilika rangi kwa sababu ya saratani ya ovari au ya pafu? Upo ugonjwa unaoshika ngozi na misuli kwa pamoja. Kope huvimba na kuwa za zambarau, ambazo kwa mtu mweusi huonekana kama kahawia iliyokolea au rangi ya majivu. Juu ya vifundo vya vidole huota vijivimbe. Kisha nguvu hupungua: mtungi wa lita 20 haunyanyuki, kitana hakifiki kichwani, kiti hakiachiki bila kushika meza. Kati ya watu wazima 100 wenye ugonjwa huu, takriban 15 hadi 25 hukutwa na saratani. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa mwili mzima, na uchunguzi hurudiwa kwa miaka kadhaa.

8. Je, wajua kuwa kukohoa tu kwaweza kuacha alama za vilio vya damu kuzunguka macho? Katika baadhi ya saratani za uboho, protini isiyo ya kawaida hujazana kwenye kuta za mishipa midogo na kuifanya iwe dhaifu. Mtu akikohoa au akijikamua chooni, damu huvuja chini ya ngozi ya kope, kana kwamba amepigwa ngumi.

9. Je, wajua kuwa vile vidoa vidogo vyeusi vya mashavuni, ambavyo wazee wetu wengi wanavyo, si saratani? Aliyevipa jina la kitabibu mwaka 1925 ni Aldo Castellani, yule Mwitaliano aliyekuwa Uganda mwaka 1903 akichunguza ugonjwa wa malale. Vidoa hivyo hurithiwa katika familia na havidhuru. Usivichome kwa asidi wala kuvikata kwa uzi.

MDOMONI NA SHINGONI

10. Je, wajua kuwa ufizi mweusi kwa Mwafrika ni rangi ya kawaida tu? Lakini mtoto akiwa na madoa mengi ya kahawia iliyokolea midomoni, ndani ya mashavu na kwenye ncha za vidole, daktari huuliza habari za tumbo. Jan Peutz wa Uholanzi mwaka 1921, na Harold Jeghers wa Marekani mwaka 1949, walionyesha kuwa madoa hayo hurithiwa pamoja na vinyama vya utumboni. Mwenye hali hiyo huishi na hatari kubwa ya saratani ya utumbo, kongosho na matiti. Akifuatiliwa mapema, vinyama hutolewa kabla havijageuka.

11. Je, wajua kuwa vidonda vya mdomoni visivyopona, vinavyofuatwa na malengelenge mwilini, vyaweza kutokana na saratani ya tezi iliyojificha kifuani au tumboni? Ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi mwaka 1990 na kundi la Grant Anhalt huko Marekani. Kinga inayotengenezwa kwa sababu ya uvimbe huishia kuivua ngozi na utando wa mdomo.

12. Je, wajua kuwa saratani moja ya watoto ilifahamika duniani kwa sababu daktari wa Kampala aliutazama uso? Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt aliona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri maelfu ya kilomita kwa gari kupitia Afrika Mashariki hadi kusini wakiuliza hospitali moja moja. Wakagundua kuwa uvimbe huo hufuata nyanda za joto na mvua, kule kule kwenye malaria nyingi. Ukanda wa Ziwa Viktoria umo katikati ya ramani hiyo. Jino la mtoto likilegea kabla ya wakati wake na taya likavimba kwa siku chache, usingoje: uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu saratani zote, na pia huitikia dawa vizuri ukiwahiwa.

13. Je, wajua kuwa shingo nyeusi yenye mikunjo kama mahameli si uchafu? Mama wengi huwasugua watoto kwa jiwe na limau wakidhani ni nongo. Mara nyingi huwa ni dalili ya uzito uliozidi au ya kisukari kinachokaribia. Lakini ikimjia mtu mzima aliyekonda, ikaenea kwa wiki chache kwapani, kinenani na midomoni, na ikawasha, daktari hulichunguza tumbo. Saratani ya tumbo ndiyo inayoongoza kwa kuleta hali hiyo.

14. Je, wajua kuwa tezi za shingo zilizovimba si kifua kikuu kila mara? Mwaka 1832 Thomas Hodgkin wa Hospitali ya Guy's, London, alieleza ugonjwa wa tezi ambao sasa una jina lake. Dalili zake ni homa, jasho la usiku, kukonda, na kwa wengine mwasho mkali usio na upele wowote. Zinafanana mno na za kifua kikuu. Mgonjwa aliyemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi na tezi zisipungue, aombe kipande cha tezi kipimwe.

KIFUANI, MGONGONI, KITOVUNI

15. Je, wajua kuwa ukurutu wa chuchu moja tu si jambo la kupaka mafuta na kusahau? Mwaka 1874 James Paget wa London aliandika juu ya wanawake waliopata kidonda cha chuchu kilichoonekana kama ukurutu wa kawaida, kisha wakapata saratani ndani ya titi lile lile. Ukurutu wa kawaida hupenda kushika chuchu zote mbili. Unaoshika moja, usiopona kwa wiki tatu, upimwe.

16. Je, wajua kuwa titi laweza kuwa na saratani bila kuwa na uvimbe wa kushikika? Aina moja huziba mifereji midogo ya maji ya mwili ngozini. Titi huvimba, huwa la moto, na vinyweleo hutumbukia ndani hadi ngozi ifanane na ganda la chungwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kidole: gusa, linganisha joto la titi hili na lile. Mama asiyenyonyesha akitibiwa jipu la titi na lisipone kwa vidonge, asipewe dozi ya tatu kabla hajapimwa. Mficha maradhi kilio humuumbua.

17. Je, wajua kuwa vinundu vya kahawia vya uzeeni, vinavyoonekana kama nta iliyobandikwa mgongoni, vimezua ubishi wa zaidi ya miaka 100? Dalili hii ina jina la wapasuaji wawili, Edmund Leser wa Ujerumani na Ulysse Trélat wa Ufaransa: vinundu vingi vikifumuka ghafla kwa miezi michache, vikiwasha, huenda tumboni mna saratani. Wengine husema ni sadfa tu, kwa kuwa wazee wengi wanavyo. Wote wanakubaliana kuwa neno zito hapo ni ghafla.

18. Je, wajua kuwa dalili moja mashuhuri ya saratani ina jina la mtawa muuguzi? Sista Mary Joseph Dempsey, aliyezaliwa mwaka 1856, alifanya kazi katika Hospitali ya St. Mary's huko Rochester, Minnesota, akimsaidia mpasuaji William Mayo. Alipokuwa akiyaosha matumbo ya wagonjwa kabla ya upasuaji, alikuta baadhi yao wana kinundu kigumu kitovuni. Akagundua kuwa ndani ya wagonjwa hao saratani ilikuwa imeshasambaa. Akamwambia daktari. Mwaka 1949, miaka 10 baada ya kifo chake, mwandishi wa vitabu vya upasuaji Hamilton Bailey alikiita kinundu hicho kwa jina la Sista. Mara nyingi hutokana na saratani ya tumbo, utumbo mpana, kongosho au ovari.

MIKONONI

19. Je, wajua kuwa viganja vyaweza kufanana na matumbo ya ng'ombe? Anayeosha matumbo kwa ajili ya mchuzi anaujua ule utando mnene wenye mikunjo. Viganja vikinenepa na kuwa hivyo kwa mtu mzima, zaidi ya visa 9 kati ya 10 vilivyoandikwa na madaktari vilikuwa na saratani. Vikija peke yake, pafu ndilo hushukiwa kwanza. Vikija pamoja na ile shingo ya mahameli, tumbo.

20. Je, wajua kuwa unaweza kupima vidole vyako sasa hivi? Kutanisha kucha za vidole viwili vya mikono tofauti, mgongo kwa mgongo. Kati yake kunapaswa kubaki kijidirisha chenye umbo la almasi. Kikitoweka, na ncha za vidole zikivimba kama rungu, huenda pafu, moyo au ini lina tatizo. Kipimo hiki kilitolewa mwaka 1976 na Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, baada ya kuiona dalili hiyo kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua moyo. Vidole vya rungu huletwa pia na magonjwa ya muda mrefu ya mapafu. Lakini vikianza upya kwa mvutaji wa miaka mingi, picha ya kifua isichelewe.

21. Je, wajua kuwa zipo familia ambazo unene wa ngozi ya nyayo na viganja hurithiwa pamoja na saratani ya umio? Zilielezwa huko Liverpool mwaka 1958. Ugumu wa mikono wa mkulima hauhusiani na hayo. Huo huletwa na jembe. Lakini saratani ya umio yenyewe si ngeni kwetu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imeiona kwa wingi, hata kwa vijana wa chini ya miaka 30. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto wa kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani hiyo. Acha chai ipoe kidogo.

22. Je, wajua kuwa kiganja cheupe kwa mzee ni swali linalohitaji jibu? Linganisha kiganja chake na chako, kisha vuta kope ya chini uangalie ndani. Mwanamume, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akipungukiwa na madini ya chuma, damu inapotea mahali. Huenda ni minyoo au vidonda vya tumbo, huenda ni saratani ya utumbo mpana inayovuja kidogo kidogo. Vidonge vya kuongeza damu peke yake huijaza ndoo bila kuliziba tundu.

23. Je, wajua kuwa mchumaji wa tumbaku hupokea nikotini kupitia ngozi bila kuvuta sigara hata moja? Majani yakiwa na umande, nikotini huyeyuka na kupenya mikononi. Kichwa huzunguka, kichefuchefu humshika, hutapika. Wakulima wa Kuria wanaijua hali hiyo. Haya si saratani, ila yanathibitisha kuwa ngozi ni mlango, si ukuta. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalizindua hapa Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuhama kutoka tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma.

MIGUUNI

24. Je, wajua kuwa saratani ya Kaposi imepewa jina la mtu ambaye mwenyewe alijiita jina la mji? Moritz Kohn alizaliwa Kaposvár, Hungaria, akajibadilisha kuwa Kaposi. Mwaka 1872 huko Vienna aliwaeleza wanaume watano wenye vinundu vya zambarau miguuni ambavyo baadaye vilifika ndani ya mwili. Afrika Mashariki na Kongo nazo zilikuwa na ugonjwa huu miongo mingi kabla ya Ukimwi, hata mkutano wa wataalamu kuuhusu ukafanyika Kampala mwaka 1961.

25. Je, wajua kuwa ngozi ilishiriki kuupigia ulimwengu kengele ya Ukimwi? Julai 1981, taarifa ya serikali ya Marekani ilieleza vijana wa New York na California waliopata Kaposi, ugonjwa uliojulikana kule kama wa wazee. Mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore, mke na mume, wakagundua kirusi kinachousababisha. Kirusi hicho wengi hukibeba bila madhara. Hupata nafasi kinga inapoanguka.

26. Je, wajua Kaposi inavyoonekana kwenye ngozi yetu? Si nyekundu kama picha za vitabuni. Ni madoa au vinundu vyeusi, vya kahawia iliyokolea au vya zambarau. Mwanzoni haviumi wala haviwashi, ndiyo maana hupuuzwa. Mguu waweza kuvimba na kuwa mgumu kama ubao. Tumia tochi uangalie kaakaa la mdomo: doa la zambarau pale humfanya daktari achunguze pia mapafu na utumbo.

27. Je, wajua kuwa Homa Bay iliubeba mzigo wa Ukimwi kuliko sehemu nyingi za Kenya? Utafiti wa mwaka 2012 kule Ndhiwa ulikuta watu wazima 24 kati ya 100 wana VVU. Miaka ya mwanzo, kukonda na madoa ya ngozi vilisemwa kuwa ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko, na wagonjwa walifia nyumbani wakisubiri kusafishwa. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za VVU (ARV) katika hospitali ya Homa Bay, miongoni mwa hospitali za umma za kwanza nchini. Ndipo watu wakaona kwa macho yao mgonjwa wa chira akinenepa na madoa yake yakififia.

28. Je, wajua kuwa Kaposi inatibika? Kwa wengi ambao haijaenea sana, ARV peke yake huirudisha nyuma kinga inapoimarika. Kwa iliyoenea, utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa dawa ya paklitakseli pamoja na ARV hushinda tiba nyingine mbili zilizolinganishwa nayo.

29. Je, wajua kuwa mkanda wa jeshi nao ni habari? Malengelenge hayo ya upande mmoja hayaletwi na saratani. Ni kirusi cha tetekuwanga kilicholala mwilini na kuamka kinga ilipodhoofika. Kijana akiupata, apimwe VVU. Ukirudi mara kwa mara au ukienea mwili mzima, damu ichunguzwe pia.

30. Je, wajua kuwa daktari mmoja alijisomea kifo chake kwenye mshipa? Armand Trousseau wa Paris alifundisha mwaka 1865 kuwa mishipa inayoganda damu na kuuma, leo hapa kesho pale, yaweza kuashiria saratani ya ndani. Mwanzoni mwa mwaka 1867 aliiona dalili hiyo kwake mwenyewe, akamwambia mwanafunzi wake kuwa amekwisha. Alifariki Juni mwaka huo kwa saratani iliyokuwa tumboni. Leo dalili ile ile ikiwahiwa hufungua njia ya vipimo.

31. Je, wajua kuwa miguu yaweza kuota magamba kama ya samaki? Wengi wetu hukauka ngozi wakati wa kiangazi, na mafuta hutosha. Aliyezaliwa nayo naye ni urithi tu. Lakini mtu mzima ambaye hakuwa nayo, yakamjia magamba mapana muundini na yasilainike kwa mafuta, tezi zake zipapaswe kutafuta saratani ya tezi.

32. Je, wajua kuwa safari yaweza kuanza nje ikaelekea ndani? Bob Marley alikufa tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu na kufika ubongoni. Kwa watu weusi saratani hii hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali penye rangi kidogo. Doa jeusi la unyayo linalotanuka, au kidonda kilichodhaniwa ni cha mwiba na hakiponi, lipelekwe hospitali.

MWILI MZIMA

33. Je, wajua kuwa upo upele unaochora mistari kama ya mbao iliyopasuliwa? Ulielezwa mwaka 1952 na John Gammel wa Marekani kwa mwanamke mwenye saratani ya titi. Mistari husogea siku hadi siku kama mawimbi. Ni nadra sana, lakini anayeuona huagizwa vipimo mara moja, hasa vya mapafu.

34. Je, wajua kuwa kuwashwa mwili kila baada ya kuoga maji ya moto kwaweza kuwa ugonjwa wa damu? Uboho ukitengeneza chembe nyekundu kupita kiasi, ngozi huchomachoma bila upele dakika chache baada ya kuoga. Kipimo cha kawaida cha damu huweza kuligundua tatizo.

35. Je, wajua kuwa homa kali ikija pamoja na vinundu vyenye maumivu shingoni na mikononi, lukemia, yaani saratani ya damu, huwa kwenye orodha? Robert Sweet wa Uingereza aliieleza hali hiyo mwaka 1964. Mara nyingi huletwa na maambukizi au dawa, lakini damu lazima ihesabiwe.

NANI AANGALIE?

36. Je, wajua kuwa vitabu vingi vya udaktari vilijaa picha za ngozi nyeupe tu? Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari huko London mzaliwa wa Zimbabwe, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha bure kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi. Na hapa jirani, Moshi, Tanzania, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwafunza matabibu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992.

37. Je, wajua kuwa kukata kipande cha kupimwa hakuchochei saratani kuenea? Hofu hiyo imewarudisha wengi nyumbani. Kipande cha ngozi huwa na upana wa milimita 3 au 4, hukatwa kwa ganzi, na ndicho hutoa jibu. Kinachoiacha saratani ienee ni miezi ya kungoja.

38. Je, wajua kuwa mafuta yenye steroidi, yanayouzwa ovyo madukani, huweza kuficha ushahidi? Hutuliza mwasho na kufifisha rangi, daktari akafika na kukuta alama zimefutika. Ukitumia, mwambie jina la tyubu na siku ulizopaka. Bora zaidi, ibebe tyubu yenyewe.

39. Je, wajua maswali matano ya kujiuliza? Je, kimekuja ghafla kwa mtu mzima? Kimekaa zaidi ya mwezi mmoja licha ya dawa? Kinakua au kubadilika? Kimekuja pamoja na kukonda, homa za usiku, macho ya manjano au damu chooni? Je, ni mwasho mwili mzima bila upele? Ndiyo moja tu inatosha kukutoa nyumbani.

40. Je, wajua pa kuanzia? Mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kenya ilizindua kikosi cha watu wapatao 100,000 wa kazi hiyo mwaka 2023. Kutoka hospitali ya karibu, rufaa huweza kukupeleka Migori, Kisumu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, au Eldoret katika Hospitali ya Moi. Walio upande wa pili wa mpaka wana Bugando, Mwanza. Andika tarehe dalili ilipoanza na uende nayo.

Sista Mary Joseph hakuwa na mashine ya kuona ndani ya tumbo. Alikuwa na maji, sabuni, na ujasiri wa kumwambia daktari alichokigusa. Maji na sabuni vipo katika kila boma la Ntimaru. Leo jioni ukimwogesha nyanya, pitisha kidole kitovuni. Ukimkanda babu miguu, igeuze nyayo kwenye mwanga. Ukiona kitu kipya, uliza kilianza lini. Kisha usinyamaze.